Wageni Wakazi wa Mwanza: Umeme wa Jua, Maji, Vibali na Mtaa

Wageni wanaoishi Mwanza ni makundi mengi yasiyofanana. Kilima cha Bugando kina madaktari na wahadhiri walioifuata hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 na chuo kikuu cha tiba kilichokua pembeni yake. Jirani zao ni watafiti wanaoshirikiana na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Utafiti uliofanywa vijijini mkoani hapa na kutangazwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 40, na tangu hapo Mwanza haijawahi kukosa wanasayansi wa kigeni. Nyegezi kuna wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Isamilo kuna walimu wa shule ya kimataifa. Wahandisi wa Kichina walikuja kwa ajili ya Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lililozinduliwa Juni 2025, na wengine kwa ajili ya reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka. Wataalamu wa migodi ya dhahabu ya Geita na Kahama hupita hapa kila mara, na baadhi yao familia zao zinaishi mjini. Wapo pia Wakenya, Waganda, Wakongo na Wanyarwanda wengi, ambao kisheria ni wageni kama Mjerumani au Mkorea, ingawa inapozungumzwa jamii ya wageni wao husahaulika. Kosa hilo si dogo, kwa sababu wao ndio wanaoishi kwa kipato cha kawaida na kuujua mji kwa undani.

Ugeni si jambo jipya kwenye ufuko huu wa Ziwa Victoria. Mpelelezi Mwingereza Speke aliliona ziwa akiwa upande huu wa kusini mwaka 1858. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama White Fathers, walianza kazi Bukumbi mwaka 1883, Wajerumani wakajenga boma mwanzoni mwa miaka ya 1890, na reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928 ikileta wafanyabiashara zaidi wenye asili ya India na Uarabuni. Vitukuu wa wengi wao ni raia leo, na hawamo katika hesabu ya wageni. Kati ya waliokuja na kuacha alama, Padre David Clement kutoka Kanada anastahili kutajwa kwa jina. Alifika Bujora, karibu na Kisesa, katika miaka ya 1950, akajenga kanisa la duara kwa kufuata umbo la nyumba ya jadi na kuweka msingi wa makumbusho ya Wasukuma, yenye ngoma, viti vya watemi na zana za waganga. Alijifunza kwanza mambo ya watu aliowakuta, akajenga baadaye. Utaratibu huo ungefaa kufuatwa hata na anayekuja kwa mkataba wa miaka miwili.

Makazi ya wageni yamejikusanya sehemu chache: Capripoint na Isamilo karibu na katikati ya mji, Bwiru na Pasiansi upande wa uwanja wa ndege, Nyegezi na Luchelele kusini. Mwanza imejengwa juu ya mawe makubwa ya matale, na ramani ya makazi yake haifanani na ya miji mingi. Milima ya Igogo na Mabatini imejaa nyumba za watu wa kipato cha chini zilizobanana kati ya majabali, mahali ambapo gari haliwezi kupanda, ilhali nyumba kubwa nyingi ziko kwenye miteremko iliyo karibu na maji. Mgeni anayechagua nyumba kwa mandhari ya ziwa hukumbuka baadaye mambo mawili aliyopaswa kuyauliza mapema: kama maji ya bomba yanapanda hadi hapo, na kama jabali lililo nyuma ya nyumba linaliwekea paa kivuli kuanzia saa tisa alasiri.

Hilo la pili ni swali la umeme wa jua. Karibu kila mgeni anayekaa zaidi ya mwaka mmoja hulifikiria, na sababu zake zimebadilika. Mgao wa umeme uliitesa nchi mwaka 2006, ukarudi 2011, kisha ukarejea mwishoni mwa 2022 na tena kuanzia 2023 hadi mapema 2024. Wakati huo sola ilikuwa njia ya kukwepa upungufu wa uzalishaji. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, lilianza kuzalisha mapema 2024 na mtambo wa mwisho ukaingia 2025. Upungufu wa uzalishaji ukaacha kuwa sababu kuu, lakini umeme Mwanza bado hukatika: nguzo huanguka, transfoma huungua, radi hupiga, na njia ndefu ya kuufikisha umeme kanda ya ziwa ina mahali pengi pa kukwama. Kwa hiyo sola ya mjini leo ni bima ya saa chache, mara nyingine ya siku nzima, si mbadala wa TANESCO, shirika la umeme la taifa.

Hesabu inaonyesha hivyo waziwazi. Nyumba ya kawaida ya mgeni ina friji inayotumia takriban uniti 1, yaani wati-saa 1,000, kwa siku. Taa sita za LED za wati 9 zikiwaka saa tano hula wati-saa 270. Kifaa cha intaneti kisichozimwa hula 240, kompyuta mbili za mkononi 600, televisheni 240 na feni 300. Jumla ni karibu uniti 2.65. Kwenye ufuko wa kusini wa ziwa, jua la siku moja ni sawa na saa tano au zaidi za jua kali. Ukiondoa robo inayopotea kwa joto, vumbi na nyaya, paneli za jumla ya wati 700 hivi zinatosha. Kwa vitendo watu hufunga mbili za wati 400, na mwenye busara huongeza ya tatu kwa ajili ya mawingu ya Aprili na Novemba. Kwa bei ya TANESCO ya takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, umeme huo wote una thamani isiyofika shilingi 30,000 kwa mwezi. Mtambo wenye inveta nzuri na betri ya lithiamu unagharimu mamilioni kadhaa. Mwenye mkataba wa miaka mitatu harudishi fedha zake kwa kubana matumizi ya LUKU, umeme wa kulipia kabla,, na anayemwambia atazirudisha anamdanganya. Anachonunua ni uhakika: mkutano wa mtandaoni usiokatika, dawa na chanjo zilizohifadhiwa vizuri, na sangara aliyenunuliwa Mwaloni Kirumba asubuhi akabaki mzima kwenye friza hadi wiki ijayo.

Vitu vinavyoshinda mtambo mdogo vinafahamika: birika la umeme la wati 2,000, pasi, hita ya maji ya kuoga, jiko la umeme. Nyumba nyingi hupikia gesi ya mtungi, hupigia pasi wakati gridi ipo, na kuchemshia maji ya kuoga kwa kifaa cha jua kilicho juu ya paa ambacho hakihusiani na paneli. Betri ndiyo inayofanya watu wakosee. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 huandikwa kwamba inahifadhi uniti 2.4, lakini ikishushwa chini ya nusu kila usiku hufa ndani ya miaka michache. Ya lithiamu yenye uniti 5 ni ghali mara ya kwanza, ila hustahimili kushushwa zaidi na hukaa karibu miaka kumi. Kwa nyumba inayotumia uniti moja na nusu baada ya jua kuzama, betri hiyo inavuka hata siku mbili za mawingu.

Kununua kunahitaji jicho. Kwenye maduka ya katikati ya mji paneli halisi hukaa bega kwa bega na za kughushi, na kibandiko cha nyuma si ushahidi. Futi ya kupimia ndiyo ushahidi. Paneli za sasa hutoa wati 200 hadi 230 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo iliyoandikwa wati 400 lazima ikaribie mita 2 za mraba, yaani urefu wa mita 1.7 na upana wa mita 1.1 na ushei. Ikiwa na mita moja ya mraba tu, maandishi yake ni ya uongo, hata kama muuzaji anaapa. Uzito nao husema: paneli halali ya ukubwa huo inakaribia kilo 20 na kitu, na mtu mmoja haibebi kwa kidole.

Kufunga ni kazi ya fundi wa hapa, na hapa ndipo maarifa ya mahali yanapozidi kitabu. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Mwelekeo wa paa si jambo kubwa kama ilivyo Ulaya, lakini mwinamo wa nyuzi 10 hivi ni wa lazima ili mvua ioshe kioo. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni haba, na vumbi la barabara za changarawe huganda. Korongo wakubwa wanaotembea mjini na kunguru huongeza ya kwao. Kutoka ziwani huja wingu la wadudu wadogo linaloonekana kwa mbali kama moshi, na asubuhi yake paneli, madirisha na taa vimefunikwa. Fundi mzoefu huacha nafasi ya kukanyaga kati ya paneli ili mtu apande na ndoo na kitambaa, na hukaza kila tundu la bati kwa raba. Mgeni hafikirii tundu hilo mpaka mvua ya Novemba inapopita kwenye dari.

Radi inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ziwa hili liko kati ya maeneo yanayopigwa radi kwa wingi zaidi duniani. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hewa ya pande zote hukimbilia ziwani, hugongana na kupanda juu, na mawingu ya dhoruba hujengeka kabla ya alfajiri. Nyumba iliyo juu ya jabali haina udongo wa kutosha wa kuzamisha fimbo ya ethi, na mara nyingi fundi huchimba mbali, mahali penye unyevu, akavuta waya mnene wa shaba hadi huko. Gharama hiyo huonekana ya ziada. Inveta iliyoungua usiku mmoja hubadilisha mawazo ya mwenye nyumba.

Kwa watu wa visiwani umeme wa jua una uso mwingine kabisa. Kwenye kijiji cha Bwisya, kisiwani Ukara, kampuni ya Jumeme ilianzisha mwaka 2016 mtambo wa jua wenye waya wa kijiji kizima. Ilikuwa kampuni iliyozaliwa kwa ushirika wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino na washirika wa Ujerumani na Austria. Kwa nyumba na mashine za kusaga za Bwisya, umeme huo haukuwa akiba ya kusubiri TANESCO irudi. Ulikuwa umeme wa kwanza. Bei yake kwa uniti ilizidi mara nyingi ile ya gridi, kwa kuwa wateja walikuwa wachache na betri ni ghali, mpaka mwaka 2020 serikali ilipoelekeza ishuke hadi shilingi 100, sawa na anayotozwa mtumiaji mdogo wa bara. Agizo hilo lilikuwa la haki kwa mwananchi na gumu kwa mwekezaji, na mvutano huo haujaisha popote penye mitambo ya aina hii. Ziwani nako, wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku usio na mbalamwezi wamekuwa wakiacha karabai za mafuta ya taa na kutumia taa za LED zinazochajiwa kwa jua. Mgeni anayelalamika kuwa inveta yake ya kilowati 5 ni ndogo atafaidika kwa kusafiri hadi Ukerewe na kutazama taa hizo zikienda kazini.

Maji hayatenganishwi na umeme, kwa sababu pampu ndiyo inayoyapandisha. Mamlaka ya maji, MWAUWASA, huyavuta kutoka ziwani kwenye chanzo cha Capripoint, na chanzo kipya cha Butimba, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, kimewapunguzia adha watu wa kusini mwa jiji. Hata hivyo kila nyumba ya mlimani ina simtanki, na nyumba nyingi zina mbili: moja chini ya kupokea maji yanapotoka, nyingine juu ya mnara. Pampu ya wati 750 ikiendeshwa saa moja mchana moja kwa moja kutoka kwenye paneli haigusi betri kabisa, na kwa maoni ya mafundi wengi hayo ndiyo matumizi bora ya jua yanayoweza kufanyika nyumbani. Maji ya kunywa huchemshwa au kuchujwa. Kuogelea pembeni mwa ziwa huweza kuleta kichocho, ugonjwa unaotibika kwa vidonge lakini unaokaa mwilini kimya, na wageni hupimwa mara chache kuliko inavyostahili. Malaria ipo mwaka mzima.

Upande wa sheria, mgeni anayefanya kazi anahitaji karatasi mbili zinazotoka ofisi mbili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya ajira ya wageni ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B la waajiriwa, na C la wanafunzi, watafiti, wamisionari, wanaojitolea na wastaafu. Cha mwajiriwa kwa kawaida hudumu miaka miwili na huhuishwa hadi jumla ya miaka mitano. Ardhi haimilikiwi na asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999, na ndiyo maana karibu wageni wote ni wapangaji. Hapa sola inarudi: mkataba wa kupanga unapaswa kuandika nani mwenye paneli, nani atalipia bati lililotobolewa, na nini kitabaki mpangaji akihama. Mikataba mingi haisemi neno.

Mwaka 2025 ulileta mabadiliko mawili yaliyogusa maisha ya kila siku. Mwezi Machi, kanuni mpya zilipiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na kodi za nyumba zilizokuwa zikidaiwa kwa dola zikalazimika kuandikwa kwa shilingi. Mwezi Julai, amri ya wizara ya biashara iliorodhesha kazi 15 zisizoruhusiwa kwa wasio raia, zikiwemo uuzaji wa rejareja na jumla nje ya supamaketi, uwakala wa fedha za simu, saluni, na ukarabati wa simu na vifaa vya kielektroniki. Adhabu ni faini au kifungo na kupoteza kibali, na raia anayemkingia kifua mgeni anaadhibiwa pia. Lawama zilitoka hasa Kenya, lakini lengo linaeleweka kwa yeyote aliyewaona wauzaji wadogo wa Mwanza wakishindana na wenye mitaji ya nje. Kwa mgeni mwenye ujuzi wa sola, mlango mmoja uliobaki wazi ni kufundisha mafundi, na mkoa wenye visiwa vingi una haja kubwa ya mafundi hao.

Baada ya serikali kuu kuna mtaa. Mji una halmashauri mbili, ya Jiji la Mwanza katika Wilaya ya Nyamagana na Manispaa ya Ilemela, na mpaka kati yake hauonekani barabarani: Capripoint iko katika ya kwanza, Kirumba na Bwiru ziko katika ya pili. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, na mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Mgeni hapigi kura wala hashiriki siasa, lakini barua ya utambulisho kutoka ofisi hiyo ya chumba kimoja, yenye mhuri wa duara, huhitajika benki, polisi na kwingineko. Anayehamia mtaani na kwenda kujitambulisha kabla hajaitwa hupokewa kwa namna nyingine. Michango ya ulinzi shirikishi, taka na madarasa humfikia kama inavyowafikia wengine. Msiba nao humfikia: jirani akifiwa, mtu huenda kukaa kitambo, hutoa chochote, hata kama hajui kusema zaidi ya pole. Salamu ya Kisukuma, mwangaluka asubuhi na mwadila mchana, hufungua mazungumzo ambayo Kiswahili safi cha darasani hakiyafungui.

Uhusiano huo una uzito hata kwenye paa. Umeme unapokatika mtaa mzima na nyumba moja ikabaki inawaka, kila mtu anajua ni ya nani. Wapo wanaozima taa za nje wasionekane. Wengine wameweka soketi kwenye kibanda cha mlinzi, vijana wakaja kuchaji simu na wanafunzi wa kidato cha nne wakaja kusoma hadi saa nne usiku. Paneli huibwa Mwanza kama kwingine, na boliti maalumu na waya wa seng'enge husaidia, lakini ulinzi imara kuliko vyote ni watu wanaoona nyumba hiyo inawahusu. Mlinzi na dada wa kazi, ambao ndio wanaojua saa gani betri hushuka na paneli ipi ina ufa, wanastahili mkataba wa maandishi na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara. Waajiri wengi wa kigeni, hata wenye mioyo mizuri, hulipuuzia hilo.

Mkataba ukiisha, mambo hufungwa kwa mpangilio wake. Kibali hurudishwa Uhamiaji. Gari lililoingizwa kwa msamaha wa kodi haliuzwi kwa asiye na msamaha mpaka mamlaka ya mapato, TRA, ilipwe. Deni la maji husafishwa, na kodi ya majengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021, hulinganishwa na makubaliano ya mwenye nyumba. Mtambo wa sola huuzwa kwa mpangaji anayefuata au hutolewa kwa zahanati au parokia. Zahanati nyingi za kando ya ziwa zina paneli nzuri na betri mfu, kwa sababu mtoaji alikabidhi vifaa bila kukabidhi fundi wala fungu la betri ijayo. Paneli huishi miaka 25, betri haifiki hata nusu yake. Anayetoa vizuri huacha mchoro wa nyaya, risiti, namba ya fundi aliyefunga, na fedha ya betri moja kwenye akaunti ya kituo, kisha humpandisha muuguzi wa zamu juu ya paa na kumwonyesha jinsi ya kuosha kioo mwezi wa saba.